Je, Wajua? Chuo Kikuu Kinavyomfuata Mtu Hadi Mvi

Muhula mpya ukikaribia, feri ya Likoni huvusha vijana wa Lunga Lunga, Msambweni na Kinango wakiwa na masanduku, ndoo mpya na barua za kuitwa chuoni. Wazazi waliobaki ng'ambo huwa na maswali mawili tu: utasomea nini, na utaandikwa wapi? Ni maswali ya haki kabisa. Lakini ukichungulia maisha ya waliotangulia, utakuta kilichowashika chuoni mara nyingi hakikuwamo kwenye ratiba ya masomo. Haya, sogea karibu.

Tasnifu iliyogeuka maji ya kijiji

Vijiji viwili vya Msambweni, Gazi na Makongeni, huuza hewa ukaa, tena wanunuzi wako nchi za mbali. Tuseme sawasawa: huuza ile ambayo haikutoka, kaboni iliyofungiwa na mikoko ndani ya tope la Ghuba ya Gazi. Mradi wao, Mikoko Pamoja, ulizinduliwa 2013. Unalinda hekta 117 za msitu, kadiri ya viwanja 160 vya mpira, na kwa mwaka huuza mikopo ya kaboni ya takriban tani 3,000. Fedha hizo zimeleta maji kijijini na vitabu shuleni, na mwaka 2017 mradi ukatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Sasa tafuta mizizi yake. Miaka ya 1970 sehemu ya msitu huo ilifyekwa yote kwa ajili ya kuni za viwandani, likabaki tope tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti kijana, James Kairo, alikuwa miongoni mwa waliolirudia tope hilo na miche, akisoma ni mti gani hushika na ni upi hukataa. Utafiti huo wa mikoko ya Kenya ndio uliompa shahada ya uzamivu mwaka 2001 katika Vrije Universiteit Brussel, Ubelgiji. Wengi wakishavua joho hufungia tasnifu kabatini. Yeye alirudi nayo Gazi, akiwa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, na hajaondoka kwenye mikoko hadi leo.

Nimependa zaidi kilichofuata. Wanafunzi wa Brussels, na wa Edinburgh Napier kule Scotland, wamekuwa wakija kupiga magoti kwenye tope lile lile na kupima unene wa vigogo. Wanakuja na majina ya Kilatini wakiwa wameyakariri. Wavuvi wa Gazi nao wanajua tangu utotoni kutofautisha mkoko, mchu, mkandaa na mlilana kwa kutazama mizizi tu. Hapo mwalimu na mwanafunzi hubadilishana viti. Upande wa mpakani, Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wameshaanzisha mradi wao wa namna hiyo, wa zaidi ya hekta 400.

Makerere haikumpata akiwa mwanafunzi, ikampata akiwa profesa

Ali Mazrui, Mmombasa aliyezaliwa 1933, alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge wa kumaliza shule. Kwa matokeo hayo mlango wa Makerere ulikuwa umefungwa. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 32, alikuwa profesa kamili wa Makerere, na hapo shahada yake ya uzamivu ya Oxford ilikuwa haijatoka. Aliipata mwaka uliofuata.

Kilichotokea katikati ni cha kusimulia. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na alitamani mwanawe akasome Al-Azhar, Misri. Mzee akafariki 1947, na kijana, baada ya mtihani kumwangusha, akapata kazi ndogo katika Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Kiislamu, ambayo wenyeji walizoea kuiita MIOME: kusimamia mabweni. Hakuwa mwalimu pale, hata mwanafunzi hakuwa. Siku moja ikasomwa Maulidi hapo chuoni, na kijana akasimama kuhutubia. Kati ya waliomsikiliza alikuwapo gavana, Sir Philip Mitchell. Gavana akavutiwa, akauliza habari zake, na mwishowe ukapatikana udhamini wa kwenda Uingereza. Manchester 1960, Columbia ya New York 1961, Oxford 1966. Hotuba moja ya Maulidi ilifanya kazi ambayo cheti kiliishindwa.

Zingatia alichokifanyia kazi maisha yake yote. Mfululizo wake wa televisheni wa 1986 ulihusu Afrika yenye urithi wa aina tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Mtoto wa kadhi, aliyekulia Mombasa na kufundwa Manchester, hakulazimika kwenda mbali kuutafuta mfano.

Na ile MIOME? Iligeuka kuwa chuo cha ufundi mwaka 1966, politekniki mwaka 1972, na mwaka 2013 ikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ina kampasi Kwale. Kijana wa Matuga anaweza leo kusoma katika chuo kilichomlea Mazrui bila hata kupanda feri.

Mabinti wa matajiri waliogeuka, wasirudi

Mwaka 1936, katika chuo kidogo cha wasichana kiitwacho Bennington, jimbo la Vermont, Marekani, waliulizwa wangempigia nani kura ya urais. Asilimia 62 ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimtaka Alf Landon, mgombea wa wahafidhina, kama walivyotaka wazazi wao wenye mali. Mwaka wa pili walikuwa asilimia 43. Waliokaribia kuhitimu? Asilimia 15 tu.

Mwanasaikolojia Theodore Newcomb aliyefanya utafiti huo hakuridhika. Aliwatafuta tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wakatafutwa mara nyingine 1984, wakiwa bibi wenye wajukuu. Wengi wao walikuwa wangali na msimamo ule ule wa chuoni. Sababu ndiyo inayonifurahisha: hotuba za walimu peke yake zisingedumu nusu karne. Walipotoka chuoni walichagua waume na marafiki wenye mawazo kama ya kule, na hao ndio walioulinda msimamo mwaka hadi mwaka. Ukitaka kujua mhitimu atakuwa mtu wa namna gani akifika miaka 60, angalia nani alisimama naye kwenye harusi yake.

Matatu moja ingewatosha

Makerere ilianza 1922 na wanafunzi 14, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na kitivo kimoja cha sheria, ndani ya jengo la chama cha TANU, na wanafunzi wake walikuwa… 14. Kila kundi lingeenea kwenye matatu moja ya Likoni kwenda Ukunda, bila hata mtu kuambiwa asogee.

Kutokana na chanzo hicho chembamba walitoka marais, majaji na waandishi wa kanda nzima. Nyerere, Obote, Mkapa na Kibaki wote walipitia Makerere.

Chuo kimoja, hasira mbili

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho. Walikataa amri ya kulitumikia taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa yake kwa asilimia 40 ya mshahara. Bango moja lilidai kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Nyerere alilisoma. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao siku hiyo, na Rais, akiwa amechemka, akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha.

Ajabu ni kwamba mwaka 1967, kwenye chuo hicho hicho, aliingia kijana wa Kiganda aliyetaka kinyume chake kabisa. Yoweri Museveni alijiunga na wenzake katika chama cha wanafunzi wanamapinduzi, akakaa karibu na Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyekuwa akifundisha pale, na mwaka 1968 akavuka na wenziwe kwenda kuyaona maeneo yaliyokombolewa na wapiganaji wa FRELIMO huko Msumbiji. Tasnifu yake ya shahada ya kwanza ilipima nadharia ya Frantz Fanon kuhusu matumizi ya nguvu, kwa mifano ya Msumbiji. Alihitimu 1970, mwaka 1986 aliingia Kampala na jeshi. Ni nadra kuona kazi ya darasani ikitangaza mapema hivyo atakachokifanya mwandishi wake. Na umpende usimpende, mkuu wa kitivo angekuwa na haki ya kusema: tuliambiwa.

Wakati huo huo Willy Mutunga, kijana wa Kitui, alikuwa akisoma sheria hapo hapo Dar. Alihitimu 1971, akaja kuwa mhadhiri Nairobi, akawekwa kizuizini na serikali 1982, na kuanzia 2011 hadi 2016 akawa Jaji Mkuu wa Kenya, mwenye kipini sikioni. Hewa ya Dar ilikuwa moja. Mmoja ilimpeleka msituni, mwingine mahakamani.

Usingizi wa mwenzako una alama zake

Katika chuo cha Dartmouth, Marekani, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakigawiwa vyumba kama bahati nasibu. Mwanauchumi Bruce Sacerdote akaona hapo pana jaribio la bure. Utafiti wake, uliochapishwa 2001, ulifuata zaidi ya wanafunzi 1,500 na kuonyesha kwamba alama za mtu huvutwa na za yule anayelala kitanda cha pili, na hata vyama wanavyojiunga navyo hufanana. Kozi ya kuchagua, hapana. Hapo kila mtu alifuata moyo wake.

Kwa mtoto wa Shimoni aliyepangiwa hosteli Eldoret na Mturkana, Mkisii na Mgiriama, basi, orodha ile inayobandikwa ukutani siku ya kuripoti si karatasi ya kupuuzwa. Mzazi anayeulizia kozi angeulizia na chumba.

Mama wa miti alianzia kwa ng'ombe

Wangari Maathai, Mkenya aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani 2004 kwa kazi iliyoanzia kwenye kupanda miti, hakupata shahada ya misitu hata moja. Shahada yake ya uzamivu ya Nairobi, mwaka 1971, ilihusu jinsi tezi za uzazi za ng'ombe zinavyoumbika. Ndiye mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia daraja hilo.

Alikwenda Marekani 1960 kwa mpango ule wa ndege za wanafunzi uliosukumwa na mwanasiasa Tom Mboya; ndege ya kwanza, mwaka 1959, ilibeba vijana 81, na kufikia 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800. Alisoma biolojia kwa masista wa Kibenedikti katika mji mdogo wa Atchison, Kansas, kisha akaenda Pittsburgh. Aliporudi na kuwa mwalimu wa chuo, akawa anakusanya kupe vijijini ili kuchunguza ndigana kali inayoua ng'ombe. Alipokuwa akiinama kutafuta kupe akaona mengine: mito imekuwa rangi ya udongo, nyasi hakuna, ng'ombe mbavu nje. Akatambua kwamba kupe si tatizo kubwa kuliko yote pale. Mwaka 1977 akaanzisha vuguvugu la Green Belt. Kozi ilimpa kazi ya kupe. Macho ya kutazama pembeni hayakuwa na alama kwenye cheti.

Rais mtaalamu wa mimea

William Ruto alihitimu botania na zuolojia Chuo Kikuu cha Nairobi 1990, na uzamivu wake wa 2018 ulihusu ardhi oevu ya Saiwa. Benjamin Mkapa wa Tanzania alisoma Kiingereza Makerere, akawa mhariri wa magazeti, kisha balozi, kisha Rais. Kwa hiyo shangazi akiuliza kwenye arusi "na hiyo fasihi itakupeleka wapi?", mjibu kwa adabu: Ikulu, shangazi, Mungu akipenda.

Mkojo wa Msambweni, maktaba za Ohio

Miongoni mwa watu wanaojulikana zaidi duniani katika utafiti wa kichocho wamo watoto wa Msambweni, ingawa majina yao hayakuandikwa. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Ohio, waliwapima mkojo wakazi wa huku, wakawapa dawa, wakarudi kuwapima tena. Daktari Charles King alikuja mwanzoni mwa kazi yake na akaendelea kuandika kuhusu huku kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2005 yeye na wenzake walionyesha kwamba ulimwengu ulikuwa ukihesabu madhara ya kichocho kwa uchache mno: upungufu wa damu, maumivu, watoto wasiokua, yote yalikuwa yakipitwa.

Baadaye wakaja wa Stanford kwa dengue na chikungunya, na wa Nagasaki, Japani, kwa kufuatilia afya za kaya moja moja ndani ya Kwale. Madaktari wangapi waliojulikana duniani walianza kwa kuvua viatu kando ya dimbwi la huku!

Mgodi uliozeeka kabla ya wahitimu wake

Weupe wa rangi ya ukuta wako, na mara nyingi wa dawa yako ya meno, hutokana na titani, na kwa karibu miaka 11 sehemu ya madini hayo duniani ilichimbwa Kwale. Meli ya kwanza ya Base Titanium iliondoka Februari 2014. Uchimbaji ulikoma mwisho wa Desemba 2024, mchanga wenye madini ulipokwisha. Ulikuwa mgodi mkubwa kuliko yote Kenya.

Piga hesabu. Kijana aliyeingia chuoni mwaka ule wa meli ya kwanza kusomea jiolojia au uhandisi wa migodi, akahitimu baada ya miaka minne au mitano, alibakiwa na miaka sita hivi ya kuajiriwa nyumbani kabla lango halijafungwa. Anastaafu akiwa na miaka 60. Mgodi haukufika hata 12. Aliyejifunza kuendesha mtambo mmoja ana shida. Aliyejifunza kusoma ardhi, kupima maji na kuandika ripoti anayoielewa chifu na mwekezaji pia, huyo bado anapigiwa simu, maana yale mashimo yanahitaji kurudishiwa udongo na miti.

Asilimia 14

Mwaka 2014 shirika la Gallup na Chuo Kikuu cha Purdue waliwahoji zaidi ya wahitimu 30,000 wa Marekani. Waliokuwa na mwalimu aliyewajali, aliyewafanya wapende kusoma na aliyewatia moyo kufuata ndoto zao, uwezekano wao wa kuipenda kazi yao baadaye ulizidi maradufu. Ukubwa wa jina la chuo haukuongeza kitu cha maana. Waliosema walipata mambo hayo yote matatu walikuwa asilimia 14.

Aliyeingia chuoni kwa mlango wa jela

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa na miaka 22 alipofungwa, Machi 1969, kwa sababu ya waraka mmoja aliouandika akiuliza Kenya inakwenda wapi. Alikaa kifungoni miaka mitatu, sehemu kubwa peke yake, akiandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga.

Alipotoka 1972 alikwenda moja kwa moja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa mtafiti wa Kiswahili na si mwanafunzi. Baadaye akatangaza BBC London, kisha akafundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, kuanzia 1995 hadi 2011. Wajerumani waliosomea Kiswahili kwake wametawanyika katika vyuo vya dunia.

Bweni la wakubwa liko Matuga

Ukidhani mtu akishahitimu ameagana na hosteli, pita Matuga. Hapo ndipo ilipo kampasi ya Chuo cha Serikali cha Kenya, kilichoundwa kwa sheria ya 2012 kutokana na taasisi za zamani za kufunzia watumishi wa umma. Maofisa kutoka kaunti zote 47 huletwa kwa kozi za uongozi zinazohesabiwa wanapotaka kupanda cheo: watu wa mvi na miwani, wenye shahada za tangu zama za Moi, wakipanga foleni ya chakula na sahani mkononi. Kuna mihadhara, kuna mitihani, kuna kazi za vikundi. Na katika kila kikundi, kama ilivyokuwa chuoni, hakosekani yule ambaye huonekana siku ya kuwasilisha tu, tai imenyooka, akiuliza jina lake limeandikwa ukurasa gani.